Tairi Idumu, Faida Ibaki: Vidokezo 12 kwa Waendesha Boda wa Kisegi na Jirani Zake

Gunia la omena likishafungwa nyuma, mama mwenye mali akishapanda na safari ya kutoka Kisegi ikaanza, kuna mfanyakazi mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza habari za asubuhi: tairi ya nyuma. Haidai mshahara, haiombi chai ya saa nne. Ila siku ikigoma, itagoma mbali na fundi, jua la saa saba likiwaka, na mteja akitazama saa yake kila dakika.

Usijali. Kupata tairi inayodumu hakukuhitaji uwe tajiri wala uwe fundi. Kunahitaji macho yako dakika tano dukani, na mkono wako dakika tano kila wiki kwenye pampu. Vidokezo hivi vimeandikwa kwa mtu mwenye haraka: soma kimoja ukisubiri abiria, kingine ukisubiri chenji. Twende kazi!

1. Barabara kwanza, duka baadaye

Kabla ya kuuliza bei, jiulize: mimi hupita wapi? Ukanda wetu una kila kitu. Kuna lami ya Homa Bay hadi Mbita, kuna mawe na changarawe za miteremko ya Gwassi, na kuna ule udongo mweusi wa bonde la Lambwe ambao mvua ya Aprili ikiunyeshea hunata mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Hakuna tairi moja inayozipenda njia zote tatu.

Chagua kwa ajili ya njia unayopita siku nyingi za wiki, si ile ya kwenda kwa wakwe mara moja kwa mwaka. Siku nyingi uko kwenye lami? Chukua yenye meno yaliyokaribiana; mpira mwingi unagusa barabara, kwa hiyo unalika polepole. Changarawe na mawe? Meno mapana yenye nafasi ya wastani. Matope? Meno marefu yaliyoachana, yanayojitemea tope yenyewe. Lakini hayo ya matope ukiyakimbiza kwenye lami kila siku, yataisha upesi kuliko bando la intaneti.

2. Ubavu wa tairi unasema, usome

Chuchumaa kando ya tairi yako ya nyuma, pangusa vumbi. Karibu na jina la kampuni utaona maandishi ya namna hii: 3.00-17 6PR 50P. Habari zote unazohitaji ziko hapo, tena bure.

3.00 ni upana kwa inchi. 17 ni kipenyo cha rimu, kwa inchi pia. Pikipiki nyingine huvaa 18, na tairi ya 17 haitaingia hapo hata fundi aape kwa jina la babu yake. 6PR ni kiwango cha uimara wa nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira. Ya 6 hustahimili mzigo mzito zaidi kuliko ya 4. Namba 50 ni alama ya uzito: tairi hiyo, ikijazwa upepo sawasawa, hubeba kilo 190. Herufi P ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 150 kwa saa. (Ukiwa na gunia la omena nyuma? Tafadhali!)

Mbinu ya leo: piga picha ubavu wa tairi zote mbili kwa simu yako. Ukifika dukani unaonyesha picha. Mambo ya "nadhani ni ile ya kawaida" yameisha.

3. Pima mzigo wako bila kujidanganya

Alama ya uzito ina maana yake, na si kubahatisha. 41 ni kilo 145. 47 ni kilo 175. 50 ni kilo 190. 57 ni kilo 230. Tofauti ya namba chache tu, lakini kwenye mteremko wenye mawe utaiona.

Sasa fanya hesabu ya haraka. Abiria wa kilo 75 na mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50: hizo ni 125, na karibu zote zinalemea gurudumu la nyuma. Ongeza nusu ya uzito wa pikipiki. Ongeza sehemu kubwa ya uzito wako wewe mwenyewe (ugali wa jana umo humo). Kilo 190 zimeshapita na bado hujatoka stegi. Ikiwa mizigo ndiyo mkate wako, nunua ya nyuma yenye alama kubwa zaidi katika saizi ileile, ama 6PR badala ya 4PR. Ila kumbuka kwamba tairi imara haiongezi nguvu ya fremu wala ya breki. Na sheria ya trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, kwa hiyo mshikaki wa watu watatu uache kwa muuza nyama.

4. Tairi nayo ina siku ya kuzaliwa

Tairi inaweza kung'aa dukani huku ikiwa mzee. Mpira huzeeka hata ukining'inia ukutani: unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka nyufa ndogondogo. Bahati nzuri umri wake haufichiki. Tafuta ubavuni herufi DOT na ufuate mstari huo hadi mwisho, penye tarakimu nne. 1824 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2024. Basi!

Yenye mwaka mmoja au miwili ni sawa kabisa. Ukikuta ina miaka minne au mitano tangu itengenezwe, mwambie muuzaji kwa heshima akupe nyingine. Kama hana, kuna duka la pili. Na tarakimu zikiwa zimekwanguliwa, usiulize sababu. Rudisha tairi mahali pake, sema asante, ondoka.

5. Rahisi huwa ghali

Wahenga hawakuwa na pikipiki, lakini hesabu hii waliijua. Tuseme tairi moja inauzwa shilingi 2,500 na inakupa miezi mitano. Nyingine ni 3,500 na inakupa miezi kumi. Ya kwanza umeilipia shilingi 500 kwa mwezi, ya pili 350. Ile "ya bei nafuu" ndiyo inayokula faida yako, na hapo hatujahesabu pesa za fundi za kuivua na kuivisha mara mbili, wala wateja waliopanda ya mwenzako ukiwa gereji.

Kwa hiyo usilinganishe bei na bei. Linganisha bei na miezi. Siku ya kuvaa tairi mpya, andika tarehe na bei kwenye simu. (Tungesema uandike kilomita, lakini sote tunajua ile mita ya pikipiki yako ilikufa zamani.) Na kabla ya kununua, waulize wenzako wawili watatu wa stegi wanaopita njia zako: ulivaa ipi, ilikaa miezi mingapi? Tangazo la redio haliijui barabara ya Magunga, wao wanaijua. Omba risiti yenye jina na saizi ya tairi pia, ili ikivimba ubavu wiki ya pili uwe na pa kuanzia mazungumzo.

6. Tairi mpya, tyubu mpya

Hapa ndipo wengi hubana shilingi mia chache na kupoteza elfu. Tyubu iliyotumika imeshatanuka. Ukiirudisha ndani ya tairi mpya hukunjika, na mkunjo ule husuguana hadi inatoboka. Kisha lawama zote anapewa muuza tairi, maskini ya Mungu.

Nunua tyubu ya saizi ileile iliyoandikwa kwenye tairi. Mwombe fundi afanye mambo mawili mbele ya macho yako. La kwanza, apitishe kitambaa ndani ya tairi kabla ya kufunga: kama kuna mwiba wa mgunga uliobaki humo kutoka upande wa Lambwe, kitambaa kitanasa. La pili, akague ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki kwenye rimu. Ukiwa umechanika, spoki itatoboa tyubu kutoka ndani, na utatafuta msumari barabarani mpaka jioni bila kuuona.

7. Ya mbele ina kazi yake, ya nyuma yake

Ya mbele inaelekeza na ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kufunga breki. Ya nyuma inasukuma na kubeba. Ndiyo maana nyingi za mbele zina mistari mirefu inayozunguka, na za nyuma zina meno mazito. Ya nyuma huisha mapema zaidi, na hapo ndipo kishawishi huja: "Si tuihamishe ile ya mbele ije nyuma?" Hapana, ndugu yangu. Mara nyingi hata upana na alama ya uzito ni tofauti.

Jambo la sekunde tatu: tafuta mshale ubavuni. Unaonyesha upande ambao gurudumu linapaswa kuzunguka. Fundi mwenye haraka anaweza kuigeuza, na meno yaliyotengenezwa kusukuma matope nje yakaanza kuyakusanya. Angalia mshale kabla hujalipa.

8. Upepo, upepo, upepo!

Kama utakumbuka kidokezo kimoja tu, kiwe hiki. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila mzunguko. Joto linapanda, pembe zinalika, nyuzi za ndani zinachoka. Upepo ukizidi, tairi inasimama kwenye mgongo wake: katikati kunalika mstari, na jiwe kali la Gwassi linaikata kwa urahisi.

Boda nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka takriban psi 25 mbele, na nyuma psi 28 ukiwa peke yako hadi 32 ukibeba abiria. Namba kamili ya pikipiki yako iko kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko karibu na cheni. Hiyo ndiyo ya kufuata. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa sababu ikishakimbia hewa hupanuka na geji husoma juu kuliko ukweli.

Na teke si kipimo! Tairi yenye 20 na yenye 30 zote zitaupokea mguu wako vilevile. Hii hapa mbinu ya stegi: changeni mnunue geji moja, ikae kwa mwekahazina wa chama, na kila Jumatatu asubuhi kila mtu apime kabla ya abiria wa kwanza. Kisha rudisha kile kifuniko kidogo cha valvu. Kinazuia vumbi na mchanga kuingia, na upepo hautoki kidogokidogo.

9. Wiki ya kwanza, mwendo wa bwana harusi

Tairi mpya hutoka kiwandani ikiwa na ngozi laini inayoteleza. Kwa kilomita 100 hadi 150 za kwanza, nenda kwa staha: usilale sana kwenye kona, usifunge breki kwa ghafla, usiondoke stegi kama umeitwa na polisi. Barabara yenyewe itaisugua ile ngozi, na mpira utaanza kushika.

Baada ya hapo, endelea na nusu ya staha hiyo. Ile tabia ya kukanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu linaburuzika mbele ya wasichana wa sokoni huacha kipara kimoja kwenye tairi, na kipara hicho hakiponi. Tumia breki zote mbili, anza mapema. Wasichana watakuangalia tu.

10. Mlaumu cheni kabla ya tairi

Tairi yako inalika upande mmoja? Huenda haina kosa. Fundi akikaza cheni huvuta gurudumu la nyuma kwa skrubu mbili, kulia na kushoto. Akikaza upande mmoja zaidi, gurudumu linakaa mshazari na kila kilomita linasuguliwa pembeni.

Kwenye pande zote mbili za ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma kuna mistari midogo. Hesabu: kama kulia ni mstari wa tatu, kushoto pia uwe wa tatu. Umemaliza. Ukiwa hapohapo, gusa spoki moja moja. Iliyolegea inasikika na kutikisika. Spoki zikilegea rimu inapinda, na rimu iliyopinda huila tairi kwa mabaka.

11. Dizeli si lotion

Umeiona ile ya kupaka tairi dizeli au oili chafu ili ing'ae Jumapili? Inapendeza kwa saa mbili. Lakini mafuta ya namna hiyo hulainisha na kuharibu mpira, na sehemu inayogusa barabara huteleza wakati unapoihitaji sana, yaani penye kona. Maji ya kawaida na sabuni kidogo yanatosha. Matone ya oili yakimwagika gereji, osha siku hiyohiyo.

Na kivuli, jamani! Jua la kando ya ziwa hukausha mpira taratibu. Kama stegi ina mwembe, usiwaachie mbuzi peke yao.

12. Wenye pikipiki za spoti, na wote mnaopenda kuvuta siku

Tuanze na nyinyi mnaopita A1 kutoka Isebania, Migori na Rongo kuelekea Kisii, mkilala kwenye tangi. Pikipiki nyingi kubwa za spoti huvaa 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Tairi za mashindano zina mpira laini unaotaka joto la uwanjani. Kwa safari ndefu za kunyooka hujichonga katikati na kuisha mapema mno. Kwa kudumu, tafuta za spoti zilizotengenezewa safari, mfano Michelin Road 6 au Pirelli Angel GT II. Nyingi za aina hii, hasa za nyuma, zina mpira mgumu zaidi katikati unaokula kilomita, na laini zaidi pembeni unaoshika kona. Agiza mapema, kwa sababu saizi hizi hazipatikani kila duka la spea.

Sasa kwa wote: jua siku ya kuagana. Tafuta ubavuni alama ya TWI, halafu tazama kwenye mifereji iliyo sambamba nayo. Utaona vituta vidogo vya mpira vimeinuka kidogo kutoka chini. Meno yakilika hadi kulingana na vituta hivyo, kazi imekwisha. Uvimbe ubavuni, nyufa za kina, au nyuzi kuonekana: usisubiri hata kituta. Na yule anayejitolea kukuchongea meno mapya kwa kisu juu ya kipara, mkatalie. Anapunguza mpira uliobaki kati yako na nyuzi. Tairi ya boda ikifika hapo ni nyembamba mno hata kwa akala.

Ukivifuata vyote kumi na viwili, hongera. Ukiwa na haraka, anza na vitatu: picha ya ubavu kwenye simu, tarakimu nne za DOT dukani, na geji ya Jumatatu. Hivyo vitatu havikugharimu hata lita moja ya petroli, na ndivyo vinavyoamua kama tairi itakufikisha msimu ujao wa omena au itakuacha njiani wiki ijayo. Tairi nzuri hununuliwa mara moja lakini hutunzwa kila wiki. Kesho asubuhi, kabla hujapiga honi kumwita abiria wa kwanza, pima upepo.